Kiota cha Waya Juu ya Paa la Mchikichi

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Juni 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba, na nyingine umfikishie Mama kabla hajauliza kwa nini barua imeandikwa kwa jina lako peke yako. Hali zenu? Goti lako limetulia, au bado linatangaza mvua kabla ya redio? Mwinyimvua, kondakta wa basi la Lindi, aliniambia alikuona sokoni Mingoyo ukibishana na muuza samaki mpaka watu wakasimama kusikiliza. Nikafurahi, maana mgonjwa habishani bei. Na banda la kuku je? Mara ya mwisho nilipokuja nilikuta umelifunga lote upya kwa waya, kila ncha umeirudisha ndani kama kawaida yako ili isimchane mtu. Natumaini yule kicheche amekata tamaa.

Sisi huku hatujambo. Mwanao Seifu anaendelea na duka lake la chaja na spika, anakusalimu sana, na amenenepa. Picha anazomtumia Mama zisiwadanganye, anazipiga kwa upande. Mimi mzima wa afya, na leo naandika roho imetua. Nimelala usingizi wa kweli tangu Ijumaa.

Najua Mama ameshakudokeza kwamba mambo yangu ya chuo yamekwisha salama. Lakini kwenye simu nilimpa kichwa cha habari tu. Yaliyobaki niliyaweka kwa ajili ya karatasi, kwa kuwa wewe simu huishiki, na hizi si habari za Mama kukupigia kelele kutoka uani. Huwa nacheka peke yangu, Baba. Mtu aliyeunganisha simu za nusu ya Kariakoo, ukitaka kumpa habari yake mwenyewe, lazima basi livuke Rufiji.

Basi nianze. Unajua mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu. Chuo kilinichukua kwa majaribio, na kamati ilikuwa ikae iamue kama niajiriwe moja kwa moja au nifungashe vitabu vyangu nirudi Lindi kutafuta shule ya kufundisha. Sikuwaambia jinsi hali ilivyokuwa mbaya, maana mngekosa usingizi bila kuwa na la kunisaidia. Ukweli ni kwamba tangu mwaka jana nilikuwa napigwa danadana. Watu wa historia walisema kazi yangu ni nzuri lakini si historia, niende biolojia. Biolojia wakasema ni nzuri lakini imejaa mambo ya mafundi, nijaribu uhandisi. Nikaenda uhandisi. Mwalimu mmoja wa huko akanisikiliza kwa heshima zote, akaniambia wao wanashughulika na nyaya zinazobeba umeme, si zinazobeba mayai.

Alisema hivyo kwa sababu nasoma kunguru. Mama nadhani alikuficha hili, akakwambia nasoma mazingira. Ulivyoninunia nilipoacha biolojia katikati nikahamia historia, ukasema historia ni kuwafuata waliokufa na hao hawalipi mshahara, Mama aliogopa kukuongezea kunguru juu yake. Lakini biolojia sikuiacha, Baba. Niliibeba nikaingia nayo upande wa pili, na njiani nikaokota na ufundi niliouona nyumbani. Ninachotafuta ni jinsi mji huu ulivyoishi: miti yake, wanyama wake na mitambo yake, vyote kwa pamoja, kwa sababu ndivyo vilivyoishi, kwa pamoja. Na hakuna aliyeishi katikati ya vyote hivyo kama kunguru mwenye shingo ya kijivu.

Wewe mwenyewe umewaona wakijenga. Kunguru wa kijijini anatafuta vijiti. Kunguru wa Kariakoo anatafuta waya, na mwaka unaofuata wanarudi palepale, wanajenga juu ya kiota cha zamani. Pakiwa na kivuli na pasipoguswa na mtu, viota vinapandana. Ukikikata kiota cha namna hiyo kwa uangalifu kutoka juu kwenda chini, unarudi nyuma miaka. Juu unakuta nyaya za chaja na za kuwekea masikioni, mali ya wateja wa Seifu. Chini yake hanga za nguo na waya wa antena za televisheni. Chini zaidi spoki za baiskeli. Na chini kabisa, Baba, unakuta vijiti, vijiti vya mwarobaini na mkungu, vya mtaa ambao leo hauna hata mti mmoja wa kumpa mbuzi kivuli.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nafanya, kupanda mapaa ya watu na kushuka na viota. Utajua mwenyewe majirani walivyoipokea. Kunguru hasahau sura ya aliyemgusia kiota, na anawafundisha na wenzake. Ikafika mahali kila nikitoka asubuhi, kundi zima linanifuata Narung'ombe nzima likinipigia kelele na kunipara kichwani, mimi nakimbia na mwavuli kiangazi. Na chumbani nina viota vimepangwa hadi chini ya kitanda. Wewe ungefikiri nini? Bi Najma, mama mwenye nyumba wangu, alifikiri hivyohivyo. Hakunifukuza, ni mtu wa heshima. Aliniita kwa upole akaniambia ameandaa kisomo cha nyumba, na angependa nikae mbele karibu na ubani. Nikakaa. Nikaitikia dua zote kwa sauti, pilau nikala sahani mbili, na tangu siku hiyo amenizoea. Seifu ndiye aliyechelewa kunizoea. Alinisihi nisipite mbele ya duka lake saa za wateja, eti namzingua, watu wanaona dada mtu anatembea na jeshi.

Sasa, mwezi wa tatu nikasikia jengo la zamani pale Mtaa wa Mchikichi linavunjwa, wanapandisha ghorofa. Nikamfuata msimamizi wa mafundi, Athanas, Mmakua wa kwetu kusini. Alipojua mimi ni wa Lindi alicheka, akaniambia paa lile ndilo kijiji cha kunguru, nipande haraka kabla nyundo hazijafika juu. Nikapanda. Chini ya tangi la maji la chuma, pamekingwa na mvua na jua, nikakuta kiota ambacho sijawahi kuona mfano wake. Si kiota, ni nguzo. Ilinifika kifuani. Athanas alinipa vijana wa kukishusha, wakakishusha kwa kamba wakitania kwamba wanazika chifu wa kunguru. Nilikisafirisha kwa toroli hadi nyumbani, Bi Najma akafungua mlango mwenyewe, akasema bismillahi, akapisha.

Nikaanza kukifungua taratibu, tabaka kwa tabaka. Katikati yake nilikuta kitu. Nitakwambia ni nini, lakini acha kwanza nimalize habari ya kamati, maana mambo haya mawili yalikuja kugongana, na nataka uone yalivyogongana.

Kamati ilikaa Jumatano. Mwenyekiti alikuwa Profesa Severine, mtu wa nyaraka, ambaye kwake jambo ambalo halikuandikwa na karani na kugongwa muhuri bado halijatokea. Alikuwepo pia Profesa Elisaria wa wanyama, mama mmoja wa Kipare asiyetabasamu bure. Nilikipeleka kiota chenyewe ndani ya ukumbi, kasoro lile tabaka la katikati, kwa gari la Seifu la kubebea mizigo, nikakiweka juu ya meza nzuri waliyotandika kitambaa cheupe. Mmoja akasogeza kikombe chake cha chai.

Nilizungumza vizuri, Baba, sijisifu. Nikaeleza miti ilivyopungua na nyaya zilivyoongezeka, na ndege alivyohama kutoka kimoja kwenda kingine bila mtu kuandika popote. Profesa Elisaria alinibana juu ya tabia za kunguru, nikamjibu. Ndipo Profesa Severine akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya zaidi. Alisema amefurahi kuona kiota, lakini ananiomba nimtajie jambo moja tu, la mtu mmoja mwenye jina, ambalo kiota kinalijua na nyaraka hazilijui, au nyaraka zimelisema vibaya. Kwa sababu, alisema, historia ni habari za watu. Bila mtu, mimi nina takataka zilizopangwa vizuri.

Baba, jibu la swali lile nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo ndani ya mkoba, kwenye bahasha ya kaki, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshafungua zipu. Ningelitoa, pale pale wangesimama kunipa mkono. Nikaangalia ile bahasha. Nikafunga zipu. Nikamwambia Profesa kwamba mtu huyo yupo, jina lake ninalijua, lakini sijamwomba ruhusa, na siwezi kumweka mezani pamoja na vikombe vya chai. Nikasema kama hilo linanikosesha kazi, basi linikoseshe. Nikachukua mkoba wangu, nikaaga.

Nilitoka pale nikijua nimejimaliza mwenyewe. Siku mbili zile sitaki kuzikumbuka. Ijumaa asubuhi nilizima simu nikavuka kwenda Kigamboni, si kwa shughuli yoyote, nilitaka tu kuwa mahali ambapo si mjini. Mchana nikiwa kwenye kivuko narudi Magogoni, nikajikaza nikaiwasha. Hapohapo ikalia. Alikuwa Profesa Severine mwenyewe. Akasema kamati imekubali, kazi ni yangu, nianze muhula ujao, na nitafundisha somo langu hilohilo lisilo na kwao, chini ya idara yake. Akasema walibishana sana. Profesa Elisaria ndiye aliyesema kwamba mtafiti anayejua kitu cha kukizuia ni nadra kuliko anayejua kila kitu cha kuonyesha. Halafu Profesa Severine akaongeza kwamba yeye mwenyewe, baada ya mimi kuondoka, alibaki akikichokoa kile kiota, akakuta ndani yake mkono wa miwani ya mtu asiyemjua, na hajui kwa nini jambo hilo linamsumbua hadi leo.

Nikakaa chini. Sikuangalia nakaa wapi, nikakaa juu ya kiroba cha dagaa cha mama mmoja, akanifokea hadi tunafika ng'ambo, nami nacheka na kulia pamoja. Alipojua nimepata kazi akanisamehe, lakini dagaa waliovunjika niliwanunua.

Sasa nifike kwenye ile bahasha. Kama umekaa uani, Baba, ingia ndani kidogo.

Nyumbani kwetu jambo hili hatulitaji. Mimi nililijua kwa vipande, nilivyookota kwa Mama. Najua ulikuwa fundi wa simu na ulikabidhiwa laini za maduka ya Mchikichi na mitaa ya jirani. Najua simu za wenye maduka zilianza kukatika kila mara, wewe unaitwa, unapanda juu unazirudisha, nao wanakushukuru kwa soda au kwa kidogo cha nauli. Ndipo wakubwa wako wakasema ni wewe unayezichomoa, ili ulipwe kuzirudisha. Wakakuachisha kazi kwa aibu, tukarudi Lindi na magodoro juu ya basi, mimi sijaanza hata shule. Tangu hapo hujakanyaga Dar. Nilipohitimu ulisema korosho zinaanguka. Seifu alipooa ulisema goti. Hatukukuuliza, na hatukukulaumu.

Juu ya lile paa la Mchikichi, mbele ya tangi la maji, kuna boksi la chuma la kugawia laini za simu. Limeliwa na kutu. Mlango wake haupo. Kwenye bawaba iliyobaki pamefungwa waya, kama wa mtu aliyejaribu kuushikiza mlango uliokwisha kufa. Huo waya umezungushwa kwa mkono wa kushoto, na ncha yake imerudishwa ndani. Nimeuona ule mzungusho maisha yangu yote, kwenye banda la kuku, kwenye kamba ya nguo, kwenye mpini wa taa ya Mama. Nikamkumbuka Mama akisema uliomba mlango mpya wa boksi, ukaomba tena, ukaambiwa usubiri.

Nilipofungua kiota nilifika kwenye tabaka lililojaa nyaya za simu, zile nyembamba za rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Si mabaki ya kutupwa. Ni vipande vizima, na ncha za vingi vyake bado zimejikunja vile ulivyozizungusha kwenye misumari ya boksi, kushoto, ncha ndani. Zilichomolewa zikiwa zimeshafungwa, na chache kati yake ndizo zilizokuwa ndani ya ile bahasha. Juu yake na chini yake ni kunguru mtupu: manyoya, maganda ya mayai, mfupa wa samaki. Mlikuwa mnapokezana zamu, Baba. Wewe unafunga mchana, wao wanafungua alfajiri, hatua chache tu kutoka kwenye boksi lisilo na mlango. Na juu ya tabaka hilo nyaya zinazofuata zimefungwa na mkono mwingine, wa kulia. Kwa hiyo yule aliyekuja baada yako naye zilimkatikia vilevile.

Sisi watu wa historia tunaogopa neno hakika. Nimelizunguka wiki nyingi nikitafuta mlango wa kulikimbia. Sijauona. Hakika hukuchomoa wewe.

Sasa unajua kwa nini sikuifungua ile bahasha. Kusema habari hii mbele ya watu ni lazima kwanza kusema ulichosingiziwa, na jina lako si mali yangu, hata kama nalitumia. Kazi nimeipata bila hilo, kwa hiyo hudaiwi wala hulazimiki na lolote. Ukisema niandike, nitaandika kwa jina lako kamili, Nurdin Bakili, fundi wa simu, na nitaipeleka mwenyewe kwa yeyote aliye hai katika wale waliokuandikia barua ya kukuachisha. Ukisema nikae kimya, nitakaa kimya, na tabaka lile halitatoka chumbani kwangu. Ila kazi ya kuvunja imekwama kwa ajili ya vibali, na Athanas ameniahidi kwamba boksi na bawaba yake havitaguswa hadi baada ya Idi. Mwinyimvua amesema siti ya mbele ni yako siku yoyote utakayotaka, na goti utalinyoosha. Bi Najma ameshaambiwa baba yangu huenda akaja, na anakusanya mchele.

Mfikishie Mama salamu, mwambie sasa anaweza kuuliza, na umsomee yote. Wasalimu jirani zetu na wote wanaoniulizia. Mwambie mjomba Abdulmajid kwamba ndiyo, chuo kikuu wananilipa mshahara kwa ajili ya kunguru, na aache kucheka. Seifu naye anasema shikamoo, anaomba ubuyu.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea waya mmoja tu. Ushike mwenyewe, usimpe mtu akushikie. Pitisha kidole kwenye ncha. Miaka yote hii, na bado haichomi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mboni Nurdin